Nguvu Bila Mshiko: Supachaja, Tairi na Darasa la Safari Rally

Ukikaa kijiweni Kinondoni, Mwananyamala, Tandika au Mbagala, haipiti nusu saa kabla maongezi ya Simba na Yanga hayajahamia kwenye magari. Na yakishahamia huko, hayakawii kufika kwenye nguvu. Altezza ya nani inaondoka kuliko ya nani. Nani kafunga eksozi kubwa. Nani kaagiza supachaja ya mtumba kutoka Japani, na sasa anatafuta fundi wa kuja kumfungia hapohapo nyumbani, chini ya mwembe.

Sina ugomvi na vijana hao. Kuna akili nyingi sana chini ya ile miembe. Kinachonishangaza ni kwamba tunazungumza kana kwamba mambo haya tumeletewa jana na video za Wamarekani, wakati kwa miaka mingi dunia nzima ilikuja hapa kwetu Afrika Mashariki kutafuta jibu la swali hilohilo: nguvu ya injini inafikaje ardhini? Na Dar es Salaam ilikuwa na nafasi yake katika kulijibu.

Neno letu la mjini ni mshiko. Simaanishi ule wa mfukoni (ingawa na wenyewe utahitajika), namaanisha tairi kuikamata ardhi. Leo naomba tuipitie historia hiyo taratibu, maana kuna watu wanaumia kwa kutoijua.

Supachaja ilitoka wapi?

Haikuanzia kwenye magari. Mwaka 1860 ndugu wawili wa Connersville, jimbo la Indiana, Marekani, Philander na Francis Roots, walipata hati ya ubunifu wa pampu ya hewa ambayo baadaye ilitumika kupuliza matanuru ya viwandani. Mwaka 1885 Mjerumani Gottlieb Daimler akafikiria kutumia pampu kuishindilia injini hewa. Turbo nayo ilipata hati yake mwaka 1905 kwa mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi. Lakini magari ya kuuzwa yenye supachaja yalingoja mpaka 1921, pale Mercedes walipoyaonyesha Berlin.

Wazo lenyewe si gumu. Injini ni pampu. Inavuta hewa, inaichanganya na petroli, inachoma, inasukuma. Ukitaka isukume zaidi, ama unaijenga kubwa zaidi, ama unaishindilia hewa nyingi kuliko inayoweza kuvuta yenyewe. Supachaja inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini, kwa hiyo ukikanyaga tu, hewa ipo. Gharama yake ni kwamba inakula sehemu ya nguvu ileile inayoitengeneza. Turbo inazungushwa na moshi unaokwenda kwenye eksozi, moshi ambao ungepotea bure, lakini inachelewa kidogo kuamka.

Kwa watu wa nyanda za juu hewa ya kushindiliwa ina maana kubwa. Injini ya kawaida hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo gari linafika kule likiwa limeshapungukiwa. Sisi wa Dar es Salaam tuko ufukweni. Joto tunalo, lakini hewa haijapungua. Kinachotupungukia mara nyingi ni mshiko.

Mgongo wa chura na Peugeot ya Dar

Mashindano ya kwanza ya Safari yalifanyika mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Kuanzia 1960 yakaitwa East African Safari Rally. Barabara hazikufungwa wala kuandaliwa. Yalifanyika wakati wa Pasaka kwa sehemu kubwa ya historia yake, yaani masika yenyewe, tope hadi magotini.

Sasa tazama magari yaliyoshinda. Volkswagen, ile mgongo wa chura, ilishinda 1954, 1957 na 1962. Gari lile lilikuwa na injini ndogo ambayo kijana wa leo angeicheka. Lakini injini hiyo ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayovuta. Uzito wote ulikuwa unakandamiza pale panapohitaji kukandamizwa. Mwenye injini kubwa mbele alikuwa anachimba shimo kwa magurudumu mepesi ya nyuma, wakati mgongo wa chura unapita taratibu pembeni yake.

Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 ikawa vilevile, zaidi ya 80 yakaanza, 7 yakamaliza. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, wote wa Kenya, ndani ya Peugeot 404. Katikati hapo kuna jina ambalo vijana wa Dar wangepaswa kulijua: Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Yeye na Chris Rothwell walishinda mwaka 1966, wakarudia 1967, tena kwa Peugeot 404. Gari hilo lilitoka dukani likiwa na nguvu za farasi zisizofika 100. Leo kuna IST zinazolizidi!

Walishindaje? Peugeot ya wakati ule ilikuwa na springi na shokapu zilizoruhusu gurudumu kupanda na kushuka mbali bila kuachana na ardhi. Tairi iliyoko hewani haisukumi kitu, hata injini iwe ya ndege. Tairi inayobaki chini, kwenye shimo, kwenye korongo, kwenye tope, ndiyo inayokusogeza.

Mwaka 1972 mashindano yaliondokea hapahapa Dar es Salaam. Mwaka huo ndipo Hannu Mikkola wa Finland, na Ford Escort, alipokuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda. Baada ya hapo jumuiya yetu ikaanza kuchakaa, na tangu katikati ya miaka ya 1970 Safari ikabaki ndani ya mipaka ya Kenya. Sisi tukabaki na stori za wazee.

Hewa ya kushindiliwa yafika porini

Miaka ya 1980 Ulaya ilikuja na magari ya kutisha. Audi Quattro ilikuwa na turbo na ilivuta kwa magurudumu yote manne. Lancia 037 ilikuwa na supachaja na ilivuta kwa magurudumu ya nyuma. Ndiyo iliyochukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1983. Ungetegemea mojawapo ije Kenya ifagie.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1984 aliyeshinda ni Björn Waldegård wa Sweden na Toyota Celica yenye turbo, inayovuta kwa magurudumu mawili ya nyuma. Gari la turbo lilikuwa halijawahi kushinda Safari kabla ya hapo. Mwaka 1985 akashinda Juha Kankkunen na Celica ya aina hiyohiyo. Mwaka 1986 Waldegård tena, na ile Lancia ya supachaja, ikiendeshwa na Markku Alén, ikashika nafasi ya tatu. Gari la magurudumu manne halikushinda mpaka 1987, Mikkola na Audi 200.

Zingatia mpangilio huo. Toyota walikuwa na nguvu, ndiyo. Lakini walikuja na gari rahisi kutengeneza, imara, wakalizoesha njia zetu mapema. Hawakufunga nguvu kwanza ndipo waulize kama gari litazimudu.

Tairi zetu

Tukirudi Tanzania, wakati Safari inatuacha, sisi tulikuwa tumeanza kutengeneza tairi wenyewe. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilianza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ikiwa na hisa pamoja na kampuni ya Marekani. Mashamba ya mpira yakapandwa Kihuhwi huko Muheza na Kalunga huko Kilombero. Kwa miaka mingi basi la mkoani, lori la pamba na Land Rover ya mkuu wa wilaya zilitembea juu ya tairi za Arusha. Mwishoni mwa miaka ya 2000 mitambo ikazimwa.

Kabla ya hapo Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, aliyetawala 1985 hadi 1995, alikuwa ameshafungua milango ya biashara. Yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani, na nyuma yake tairi za mtumba. Gari tukalipata kwa bei tunayoiweza. Tairi nayo tukaizoea hivyohivyo: imetolewa kwenye gari la mtu Osaka, imevuka bahari, imepangwa juani barabarani, na sisi tunaikagua kwa kutazama kashata tu. Kashata ikiwa nene tunasema mpya.

Hapo ndipo penye hatari. Mpira unazeeka hata kama haujatembea. Unakauka, unakuwa mgumu, unaacha kushika. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Ukikuta 3512, maana yake imetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2012. Tairi ya namna hiyo yenye kashata nene inaweza kukuponza kuliko mpya ya bei rahisi.

Kwa anayetaka kufunga

Sasa nirudi kwa ndugu yetu wa chini ya mwembe. Toyota waliwahi kuuza magari yenye supachaja ya kiwandani. Injini ya 1G-GZE iliwekwa kwenye Crown na Mark II za miaka ya 1980, na Estima nazo zikapata yao. Lakini hawakuchukua injini ya kawaida wakaipachika pampu. Kwenye 1G-GZE walishusha mgandamizo mpaka 8 kwa 1. Injini nyingi za Altezza ziko 10 kwa 1, nyingine zinavuka 11. Ukiishindilia hewa injini ya namna hiyo bila kuongeza petroli na bila kurekebisha kompyuta ya gari, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, pistoni inatoboka. Breketi, puli na mkanda fundi wetu anaweza kuvichonga Gerezani, tena vizuri. Petroli na moto wa plagi ndivyo vitakavyoamua kama injini itamaliza mwezi.

Tuseme vyote vimekaa sawa. Nguvu hizo zitapita wapi? Kila tairi inagusa ardhi kwa eneo la kiganja cha mkono hivi. Kwenye lami kavu, tairi nzuri inaweza kusukuma kwa takriban asilimia 80 ya uzito unaoikandamiza. Kwenye lami yenye maji inashuka sana, na kwenye mchanga wa uchochoroni Yombo inashuka zaidi. Ukishafika kikomo hicho, kila farasi unayemwongeza anazungusha gurudumu tu. Mvua ya kwanza ya vuli ikikuta lami ya Mandela Road ina vumbi na oili ya miezi mitatu, gari lako la supachaja litaondoka kama la jirani asiye na kitu. Ukikanyaga kwenye kona, litatangulia nyuma.

Kwa hiyo anza na tairi. Soma ubavu wake: 195/65R15 91H ni upana wa milimita 195, kimo asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15, uwezo wa kubeba kilo 615, na mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Rimu za inchi 18 zenye tairi nyembamba kama kanda mbili zinapendeza picha, lakini shimo moja la Mbagala linapinda rimu na kupasua ubavu. Kama mtaa wako ni wa mchanga, kimo cha tairi ni rafiki yako, maana unaweza kupunguza upepo kidogo ikatambaa, kisha ukajaza tena ukifika lami. Weka tairi nne zinazofanana. Kisha shokapu. Kisha breki. Supachaja ije mwisho, kama hela bado ipo.

Safari Rally iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarejea 2021 huko Naivasha. Magari yaliyorudi yalikuwa na turbo, magurudumu manne yanayovuta na kompyuta za kila aina. Bado kuna yaliyozama kwenye vumbi laini kama unga wa sembe, na madereva wakatumia muda mwingi kuzungumzia tairi.

Shankland aliyajua hayo mwaka 1966, akiwa na gari la farasi wasiofika 100. Tutafakari.