Mshiko Sahihi ni wa Nani?

Tuanze na aibu yangu. Mwaka jana wenzangu wa kazini walinivuta kwenye gofu. Mwalimu wa pale uwanjani akaniangalia nikirudisha fimbo nyuma mara tatu tu, akasema mshiko wangu mbovu. Akanisogezea mkono wa kushoto, akaniambia hivi ndivyo alivyoshika Ben Hogan, bingwa wa mabingwa. Sawa, nani abishane na Hogan? Kwa wiki kadhaa mpira wangu ukawa unapinda kulia kuliko zamani. Ndipo nikaanza kusoma, na nilichokikuta kimenifanya niandike haya.

Kwanza, hiyo mishiko tunayoambiwa ni ya "kawaida" ina wenyewe. Ule unaofundishwa zaidi, ambapo kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hulala juu ya mkono wa kushoto, unaitwa kwa jina la Harry Vardon, kijana wa kisiwa cha Jersey aliyeshinda Open ya Uingereza mara 6 kati ya 1896 na 1914. Kumbe kabla yake Mskoti Johnny Laidlay alikuwa akishika hivyo hivyo, na alishinda ubingwa wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1889 na 1891. Vardon ndiye aliyeufanya ujulikane. Watu walimwona anashinda, wakamuiga.

Sasa tuje kwa Hogan. Alizaliwa Texas mwaka 1912, na kwa miaka mingi alisumbuliwa na ugonjwa mmoja: mpira wake ulipinda kushoto kwa nguvu. Kwa mtu anayepiga kwa kulia, maana yake ni kwamba uso wa fimbo unafika kwenye mpira ukiwa umefungwa. Kushika mkono wa kushoto ukiwa umegeuzwa sana kulia huleta shida hiyo.

Dawa yake aliitoa kwenye gazeti la Life mwezi Agosti 1955, baada ya watu kubahatisha siri yake kwa muda mrefu. Aliurudisha mkono wa kushoto upande wa kushoto kidogo, kidole gumba kikakaa juu ya mpini moja kwa moja. Kisha fimbo ikifika juu, alikikunja kifundo cha mkono wa kushoto kwa nyuma, kidogo tu, kama mtu anayeanza kumwonyesha mwenzake ishara ya "simama". Basi. Vitu hivyo viwili viliufungua uso wa fimbo, akaweza kupiga kwa nguvu zake zote bila hofu ya kushoto. Kwa mikono hiyo alishinda US Open ya 1950, miezi 16 tu baada ya gari lake kugongwa na basi akavunjika mifupa, na mwaka 1953 akachukua mataji makubwa matatu.

Lakini Hogan mwenyewe alionya kwamba siri hiyo haimfai mchezaji wa kawaida. Sababu si ngumu. Wengi wetu tunaoanza tuna ugonjwa wa upande wa pili: uso wa fimbo umefunguka, mpira unakwenda kulia. Ukimpa mtu huyo dawa ya Hogan, unamwongezea homa. Mimi nilikuwa nanywa dawa ya mgonjwa mwingine.

Na kuna mtu wa tatu, ambaye wala sikuwahi kumsikia. Sewsunker Sewgolum, maarufu kama Papwa, alikuwa Mhindi wa Durban, mbebaji wa mifuko ya wachezaji. Alipiga kwa upande wa kulia, lakini mikono yake ilikaa kinyume: kushoto chini, kulia juu. Mwalimu yeyote angemsimamisha siku ya kwanza. Hakupata mwalimu, na mwaka 1959 akaenda Uholanzi akashinda Dutch Open. Akaishinda tena 1960, na tena 1964.

Mwaka 1963 alishinda Natal Open katika Durban Country Club. Sheria za makaburu hazikumruhusu kuingia kwenye jengo la klabu, kwa hiyo alikabidhiwa kombe nje, mvua inanyesha, Wazungu aliowashinda wakiwa ndani. Picha ile ilizunguka dunia. Mwaka 1965 akamshinda hadi Gary Player kwenye mashindano hayo hayo. Baadaye serikali ikamfungia milango ya mashindano makubwa nchini, na akafariki 1978.

Nimefikiria sana kuhusu Papwa. Sisi tuliokulia ugenini tumezoea kusahihishwa: jina linavyotamkwa, lafudhi, chakula tunachobeba kazini. Mara nyingine aliyesahihisha alikuwa na haki, siku nyingine hakuwa na hoja zaidi ya "hapa hatufanyi hivyo". Ukishika gofu, tofauti hiyo inapimika, kwa sababu mpira hauna upendeleo. Mpira wa Papwa ulikuwa unakwenda alikoutaka. Leo mabingwa kama Jordan Spieth huweka mkono wa kushoto chini wanaposukuma mpira shimoni, na hakuna anayewacheka.

Kwa hiyo mwalimu akikwambia mshiko wako mbovu, muulize kwanza: mpira wangu unakwenda wapi? Ukipinda kulia, geuza mkono wa kushoto kulia kidogo mpaka uone vifundo viwili au vitatu vya vidole ukitazama chini, na fimbo ikiwa juu usikikunje kifundo cha mkono kwa nyuma. Ukipinda kushoto, hapo msikilize Hogan. Ukienda sawa, mshukuru mwalimu, mlipe, uendelee na mikono yako.

Mimi nimerudisha mkono wangu ulipokuwa, na nimeuzidisha kidogo. Jumamosi iliyopita mipira minne mfululizo ilinyooka.