Walinzi wa Anga ya Kilimanjaro: Historia Fupi ya KIA na Waongoza Ndege Wake

Tarehe 2 Desemba 1971, katika nyika ya Sanya iliyoko baina ya Kilimanjaro na Meru, ulifunguliwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ambao watu wa Moshi na Arusha wameuzoea kwa jina la KIA. Na katika muda wa zaidi ya nusu karne uliopita tangu siku hiyo, aghalabu tumeusifu uwanja huu kwa njia yake ya kuruka na kutua ndege yenye urefu wa takribani mita 3,600, na kwa wageni unaowaleta mlimani, ilhali ni nadra kuwataja kwa taadhima wanayostahili waongoza ndege wakaao juu ya mnara wake, ambao ilimu yao ndiyo nguzo ya usalama wa mahali hapa.

Haja ya watu hao ilidhihirika kabla uwanja haujakuwapo. Mwaka 1930 Walter Mittelholzer, rubani wa Uswisi, aliruka juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, akapiga picha za theluji yake, na walimwengu wakastaajabu. Lakini tarehe 18 Mei 1955 ndege aina ya Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, iliyokuwa safarini kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iliugonga mteremko wa kilele cha Mawenzi katika mlima huohuo, na watu wote 20 waliokuwamo wakafariki dunia. Kila mwenyeji wa Marangu au Mwika anajua jinsi masika yanavyouficha mlima kwa siku nyingi mfululizo, hata mtu aliye chini yake asiuone. Na mlima wa mita 5,895, ambao ni fahari yetu mbingu zikiwa safi, huwa ni hatari kubwa kwa rubani asiyejua alipo.

Zama hizo anga ya nchi zetu ilisimamiwa kwa pamoja, na shule ya usafiri wa anga iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1954 ndiyo iliyokuwa chemchemi ya maarifa hayo kwa Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ililazimika kujitegemea, ikaunda idara yake na kuanzisha chuo chake Dar es Salaam, ambacho leo kiko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, iliyoanza kazi mwaka 2003. Na ifahamike kuwa, hata uwanja wa KIA ulipokabidhiwa kampuni ya KADCO mwaka 1998, na baadaye ukarejea katika mikono ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, uongozaji wa ndege ulibaki kuwa dhamana ya serikali.

Dhamana hiyo haipewi mtu kwa cheti cha darasani peke yake. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, hapati leseni asiyetimiza miaka 21; na mwanafunzi wa kazi ya mnara hana budi kuongoza ndege halisi chini ya jicho la mkufunzi kwa saa zisizopungua 90, na wa kazi ya kuzipokea ndege zinazokaribia uwanja kwa saa 180. Hapo hufundishwa kwamba ndege zisizoonekana katika rada hutenganishwa kwa saa na kwa kimo, na kwamba kila amri muhimu ni sharti rubani airudie, naye muongozaji asikilize mpaka mwisho, kwani tarakimu moja iliyosikika vibaya yaweza kuishusha ndege chini kuliko inavyojuzu. Na redio ikinyamaza, mnara hutumia taa, ambapo kijani isiyometa huiruhusu ndege kutua, na nyekundu isiyometa huiamuru ipishe na kuendelea kuzunguka.

Asidhani mtu kuwa hadhari hizi ni za nchi changa tu. Ulaya, ambako shirika la Eurocontrol liliasisiwa mwaka 1960 ili kuyaunganisha mataifa katika uongozaji wa ndege, imejifunza kwa gharama ya roho za watu. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, maneno ya redio yasiyofahamika sawasawa yalichangia ndege mbili kubwa kugongana katika ukungu, wakafa watu 583. Na usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya mji wa Überlingen, ndege mbili ziligongana angani wakafa watu 71, wakati ambapo muongozaji mmoja mjini Zurich alibaki peke yake kazini, mwenzake akipumzika na sehemu ya mitambo ikiwa katika matengenezo. Kutokana na misiba hiyo dunia ilipata hakika kwamba mitambo haimwondolei mwanadamu wajibu, na kwamba hata mahiri huelemewa akiachwa pweke.

Nasi tuna yetu ya kuzingatia. Tarehe 18 Desemba 2013, njia ya KIA ilipozibwa na ndege ndogo iliyoharibika, Boeing 767 iliyokuwa itue hapo ilishuka katika uwanja mdogo wa Arusha, ambao njia yake haifiki hata nusu ya ile ya KIA. Na tunamshukuru Mungu kuwa hakuna aliyepoteza maisha. Katika mwaka huohuo ukaguzi wa kimataifa uliipa Tanzania asilimia 37.8 katika usimamizi wa usalama wa anga, na kufikia 2017 ilikuwa imepanda hadi 64.35. Baadaye zikaja rada nne mpya, zilizogharimu shilingi bilioni 67.3, kwa ajili ya Dar es Salaam, Mwanza, Songwe na Kilimanjaro.

Maendeleo hayo ni ya kusifiwa, lakini rada isiyo na mtu aliyefunzwa barabara haimfai msafiri. Kwa hiyo twawaomba wenye mamlaka wasipunguze fungu la mafunzo hata katika miaka ya dhiki, wala wasikubali zamu ipungukiwe na watu. Nanyi vijana wa Moshi, Hai, Rombo na Siha mnaosoma hesabu na fizikia, iendeeni kazi hii, kwani anga ya mlima wenu yataka walinzi wanaoujua.