Kongwa ya Kiangazi

Historia ya Kongwa, mkoani Dodoma, imezoeleka kuandikwa kwa kuhesabu hasara: karanga, matrekta, pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza, kisha tangazo la Januari 1951 kwamba mradi wa Waingereza wa kulima karanga umekwisha. Hesabu hiyo ni sahihi, ila inatufanya tumtazame waziri na mhandisi tu, tumsahau mwenye kaya. Tukiuliza swali jingine, nani aliweza kulea watoto Kongwa mwaka mzima, Oktoba sawasawa na Machi, mambo yanajipanga upya. Karibu kila mgeni aliyejenga hapa alijenga mahali pa kukaa kwa muda, akaagiza kutoka mbali kila kitu cha kumkimu. Pesa za kuagiza zilipokatika, naye aliondoka.

Tabia hiyo ni ya zamani kuliko karanga. Juu ya uwanda wa Kongwa na Mpwapwa upo mlima Kiboriani, wenye ubaridi na miti. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS, waliofika Mpwapwa miaka ya 1870, walikuwa wakipanda huko kupumzika na kupona homa. Chini, Kongwa, Mkanada T. B. R. Westgate alianzisha chuo cha walimu wa dini muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mlima ulikuwa wa mapumziko, uwanda wa kazi. Wakati wa vita hivyo, Wajerumani, waliokuwa wakitawala, waliwazuia wamisionari Waingereza kule kule mlimani. Kazi ya chuo ilikuja kuendelezwa na Chuo cha Mtakatifu Filipo, ambacho wanafunzi wake hasa ni watu wa nchi hii.

Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki tisa tu ukapendekeza kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu kwa ajili ya karanga. Kongwa ikawa ya kwanza, mapema 1947. Lengo la msimu wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 8,000. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe ya matrekta, na mvua zilipokatika udongo mwekundu ulikauka ukawa kama saruji, hata kung'oa karanga zilizokomaa ikawa shida. Hayo yamesimuliwa sana. Kisichosimuliwa sana ni jinsi mji wenyewe ulivyoendeshwa: maji ya kusomba kwa magari, mahitaji ya kuletwa kwa reli, mikataba yenye tarehe ya kwisha. Mishahara ilimiminika mahali ambapo chakula hakikuongezeka, bei zikapanda, na mgomo ulioanzia bandari ya Dar es Salaam Septemba 1947 ulifika hadi Kongwa. Shule ya bweni ya watoto wa Kizungu ilifunguliwa 1948, na mradi ulipokufa shule haikufa, kwa kuwa majengo yalikuwepo na Wazungu wa Tanganyika nzima walitafuta mahali pa kusomesha. Basi kwa miaka kadhaa Kongwa ilikuwa na watoto wengi ambao wazazi wao hawakuishi hapo, wanaletwa muhula ukianza na kuchukuliwa ukiisha. Mwaka 1958 shule nayo ikafungwa, watoto wakahamishiwa Iringa. Sijui mfano mwingine unaoeleza vizuri zaidi mji usiokusudiwa kuwa nyumbani kwa mtu.

Ng'ambo ya uzio walikuwepo Wagogo, wenyeji wa hapa, na mwaka wao ulipangwa kuanzia upande wa njaa. Mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili; miezi iliyobaki ni ukame. Majani ya mlenda huchumwa wakati wa mvua, huanikwa, hutwangwa yakawa unga na kuwekwa, ili Septemba ugali wa uwele au mtama usiliwe mkavu. Korongo likikauka, wanawake huchimba mchanga hadi maji yajikusanye chini, wakayateka kwa kata, kidogo kidogo. Nyumba yenyewe, tembe yenye paa bapa la udongo, ilihifadhi watoto, nafaka na ndama. Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo miaka ya 1960, alionyesha jinsi ng'ombe walivyosambazwa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame wa sehemu moja usimalize zizi lote.

Mtu anaweza kupinga kwamba Wagogo nao walihama sana, na Rigby mwenyewe ameliandika hilo. Kweli, lakini walihamia kwa shemeji au kwa mjomba, mahali penye ng'ombe wao na watu wa kuwapokea. Kaya ilihama nzima na malezi hayakukatika. Pingamizi zito zaidi ni Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920 iliyoua maelfu. Hapo ustadi wa kaya haukutosha. Ila mwanahistoria Gregory Maddox ameeleza kwamba kabla ya njaa hiyo majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ulizikuta kaya zimenyang'anywa akiba ambayo kwa kawaida ndiyo ingezivusha.

Wengine watasema kosa lilikuwa udongo na mvua, familia haziingii. Hapo Urambo, eneo jingine la mradi huo, inasaidia. Mradi ulishindwa huko pia, lakini katika miaka ya 1950 mashamba yaligawiwa wapangaji wa kulima tumbaku, nao wakadumu. Kongwa ardhi iliishia kuwa ranchi ya ng'ombe, na baada ya gharama zote zile ikarudi kwenye mifugo ambayo Mgogo alikuwa ameichagua tangu awali. Serikali huru nayo haikujifunza haraka: Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliziweka kaya pamoja vijijini bila kuuliza ng'ombe watalishwa wapi.

Wageni wa 1964 walikuwa tofauti kidogo. Wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wa ANC, SWAPO na FRELIMO, walipewa kambi Kongwa, ANC wakaanzia kwenye kituo cha reli kilichoachwa na mradi. Nao walikuja kwa muda, wakisubiri vita vya kwao. Lakini baadhi walizaa na wanawake wa Kongwa, na kambi zilipohama watoto wengi walibaki kwa mama na bibi zao. Walilelewa kwenye kaya zile zile za mlenda na mtama, ambazo hakuna bajeti ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyozihesabu.

Tabia hii ya kukaa mahali kwa muda haijawa ya kale. Uamuzi wa serikali kuhamia Dodoma ulipitishwa 1973 na kuanza kutekelezwa kwa nguvu 2016, na wapo watumishi walioacha wake, waume na watoto Dar es Salaam, wakipita Kibaigwa, wilayani Kongwa, kila Ijumaa jioni na kila Jumapili usiku. Basi likisimama hapo, wanaowauzia chakula ni watu walioamua kulea watoto wao kando ya barabara hiyo hiyo, kwa pesa ya soko la mahindi wakati wa mavuno na kwa vibarua msimu mwingine.