Gupagasa: Maneno ya Kiswahili katika Historia ya Ujira Kigali

Asubuhi na mapema, penye jengo lolote linaloinuka Kigali, langoni wanasimama watu wa aina mbili. Umufundi ana mwiko na pimamaji. Umuyede yuko mikono mitupu, kwa kuwa yeye ni wa kukoroga zege na kupandisha matofali. Jioni ikifika, malipo yao hayalingani hata kidogo. Jina la kwanza ni fundi wetu huyu huyu; la pili limetokana na Kifaransa cha msaidizi wa mwashi. Historia ya ujira Rwanda imo ndani ya msamiati wa namna hii.

Wanyarwanda walikuwa na neno lao la kazi: umurimo. Akazi lilikuja baadaye, likatokana na Kiswahili, na enzi za Wabelgiji lilimaanisha shokoa: kufyeka barabara, kuchimba mitaro, kulima mashamba ya lazima, bila malipo. Aliyezembea alionja ikiboko, na hilo nalo ni letu. Nakiri huona haya kidogo nikifikiria yale tuliyowakopesha jirani.

Ila gupagasa ndilo neno lenye mambo mengi. Mzizi wake ni pagazi, yule mbeba mizigo wa misafara iliyotoka pwani. Kwa Kinyarwanda lilikuja kumaanisha kwenda mbali na kwenu kutafuta kazi ya fedha. Waganda nao wana mupakasi, kibarua wa shambani. Safari ya neno na safari ya watu zilipita njia moja.

Kigali yenyewe, aliyoianzisha Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, ilikuwa kituo kidogo mlimani Nyarugenge. Ilipofanywa mji mkuu mwaka 1962 ilikuwa bado na watu elfu chache tu. Kwa hiyo miaka ya 1920 mtu wa Rwanda aliyetaka fedha hakuwa na sababu ya kuja Kigali. Alikwenda Uganda. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, shokoa ilimwondoa shambani kwake, na njaa ya Rwakayihura ya 1928 na 1929 ilimaliza subira iliyobaki. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imeanza kuchukua watu wa Rwanda kwenda kwenye migodi ya shaba Katanga, lakini wengi walichagua kutembea wenyewe kuelekea kaskazini, wakaingia Buganda kwenye pamba na kahawa.

Huko ndiko walikokutana na watafiti. Audrey Richards, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeongoza taasisi ya utafiti wa jamii Makerere, alichapisha mwaka 1954 kitabu kizima juu ya vibarua wahamiaji wa Buganda. Sensa ya 1948 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu theluthi ya wakazi wa Buganda walikuwa wametoka nje yake. Swali ambalo wachumi hubishania mpaka leo kuhusu Marekani na Ulaya, je, mgeni humshusha mwenyeji mshahara, Buganda lilikuja kwa sura nyingine: mwenyeji alikuwa na ardhi, akawa mwajiri. Mganda mwenye ekari chache za pamba aliweza kumweka Mnyarwanda kumlimia, naye Mnyarwanda akitumaini siku moja kupata kibanja chake. Wengi walikipata, hawakurudi.

Mimi naona hapo ndipo hesabu za mishahara zinapofupisha mambo. Anayehesabu shilingi mpakani anaona mshahara mkubwa ukimvuta mtu. Hamwoni mnyapara na ikiboko chake wakimsukuma kutoka nyuma.

Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 njia iligeuka. Wakimbizi walioondoka Rwanda tangu 1959 na watoto wao walirudi kwa mamia ya maelfu kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, na mitaa ya Kigali ikajaa watu wa Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili kwa pamoja. Swali la ujira likahamia shuleni: mwaka 2005 wachumi Gérard Lassibille na Jee-Peng Tan walichapisha utafiti juu ya faida ya elimu Rwanda: mwaka mmoja zaidi darasani unamwongezea mtu nini kwenye ujira? Miaka mitatu baadaye serikali iliamua kufundisha kwa Kiingereza, na mwalimu aliyesomea Kifaransa akaona thamani ya shule yake ikipungua bila yeye kusahau hata neno moja. Walimu wa Uganda na Kenya wakaja. Safari hii mgeni ndiye aliyeleta kisomo kilichotafutwa.

Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Biryogo, mtaa wa Waswahili tangu enzi za Wabelgiji, ulikuwa ukiuza na kununua kwa lugha hiyo siku nyingi. Na akazi, neno lililokuwa la shokoa, leo ndilo kijana wa Kigali analolitaja akitafuta ajira. Ukimuuliza umuyede langoni anasubiri nini, atakujibu hilo hilo: akazi.