Nyoka Asiye na Mikono

Kitabu cha Monster Manual, kilichotolewa mwaka 1977 kwa ajili ya mchezo wa Dungeons & Dragons, kina kiumbe aitwaye naga: nyoka mkubwa mwenye uso wa binadamu, aliyechotwa katika visa vya kale vya Bara Hindi. Nyoka huyo huroga kama msomi yeyote wa uchawi. Lakini hana vidole, wala mkoba wa dawa. Anarogaje? Majibu yaliyotolewa kwa miaka mingi yanaonyesha ni nani watunzi wa mchezo walimhesabu kuwa mjuzi.

Mchezo huo ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kanuni zake za uchawi zilimfuata mwandishi Jack Vance, ambaye katika kitabu chake The Dying Earth cha mwaka 1950 wachawi husoma manuizo vitabuni, huyabeba akilini, na nuizo likishatumika hufutika. Huo ni uchawi wa chuoni, wenye kudai kitabu, kumbukumbu na subira. Mwaka 1978 Players Handbook ikaufunga uchawi huo na mwili. Nuizo liliweza kudai mambo matatu: maneno ya kutamka, ishara za mikono na kitu cha kutumia. Aliyetaka kurusha tufe la moto alihitaji kidonge cha mavi ya popo na salfa. Mchawi aliyezibwa mdomo na kufungwa mikono, elimu yake haikumfaa kitu.

Kanuni hiyo ilishonwa kwa kipimo cha binadamu, na viumbe wengine walilazimika kutafutiwa mlango. Majoka yalipitia mlango wa lugha: joka lenye uwezo wa kusema ndilo lililoweza kuwa na uchawi, na lisilosema lilibaki na pumzi yake, makucha yake na meno yake. Beholder, aliyetokea mwaka 1975, alipita kwingine. Huyu ni dude la mviringo linaloelea hewani, lenye jicho moja kubwa na mengine madogo 10 juu yake. Macho hayo hulaza watu usingizi, huwatia hofu, huwageuza mawe. Ni mambo yale yale ayafanyayo mchawi kwa manuizo, ila Beholder hutazama tu.

Toleo la tatu, la mwaka 2000, liliipanga hali hiyo kwa kanuni bayana. Uwezo wa asili unaofanana na nuizo haukuhitaji neno, ishara wala dawa. Swali likabaki kwa binadamu aliyeacha umbo lake: mganga wa msituni aliyejigeuza mwewe alipoteza manuizo yake hadi arudi kuwa mtu. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2003 kilimruhusu, akiwa na kipawa maalumu, kuroga kwa milio na miondoko ya mnyama.

Tofauti kati ya nguvu ya kuzaliwa nayo na ufundi wa kujifunza haikuanzia mezani pa mchezo. Mwaka 1937 E. E. Evans-Pritchard aliandika kuhusu Wazande, ambao nchi yao inagusa Kongo na Sudan Kusini ya leo. Alieleza kwamba wao humtenga anayedhuru kwa kitu alichorithi mwilini, bila dawa wala maneno, na anayedhuru kwa dawa na manuizo. Kiswahili huwaita wote wawili wachawi.

Mgawanyo huo una gharama yake. Nguvu ya kiumbe ikiitwa asili, anaondolewa sharti la mikono, lakini pia anaondolewa sifa ya kusoma. Hakuna anayeuliza mwalimu wa Beholder ni nani. Ndiyo maana jibu lililotolewa mwaka 2014 kuhusu naga lina uzito kuliko ufupi wake. Kanuni za mwaka huo zinamhesabu bado kuwa mwenye manuizo, katika daraja lile lile wanalopimiwa wachawi wa kibinadamu, ila zinasema kwamba yeye huhitaji maneno peke yake. Mikono haikuwa sharti la elimu. Ilikuwa desturi ya wenye mikono.