Zawadi za barabara ya Gisenyi: kutoka mkono wa sokwe hadi kikapu

Basi la kutoka Kigali kwenda Gisenyi hupita Musanze, likakwea hadi Mukamira, kisha likaanza kuteremka. Mahoko, kituo cha biashara katika sekta ya Kanama wilayani Rubavu, ni miongoni mwa vituo vya mwisho kabla ya Ziwa Kivu. Msafiri mwenye ndege ya kuwahi hupiga hesabu za begi mapema kwenye njia hii: kipi kitapanda ndege, na kipi ni bora kiliwe kabla ya kurudi uwanja wa ndege wa Kanombe, Kigali.

Hesabu hizo zina historia, na sehemu yake moja ni ya damu.

Katika miaka ya 1960 na 1970, zawadi iliyotafutwa na baadhi ya wageni chini ya milima ya Virunga, jirani na Musanze, ilikuwa kichwa au mkono wa sokwe. Mkono ulikaushwa, ukageuzwa kisahani cha majivu ya sigara. Desemba 31, 1977, majangili walimuua Digit, dume aliyezoeana na Dian Fossey, mtafiti Mmarekani aliyeanzisha kituo cha Karisoke mwaka 1967. Wakaondoka na kichwa na mikono yake. Kifo hicho kilitangazwa kwenye televisheni Marekani, na michango ya kuwalinda sokwe ikaanza kumiminika. Hesabu ya mwaka 1981 ilikuta sokwe wapatao 250 katika Virunga. Ile ya 2015 na 2016 ikakuta 604.

Kilichobadilika ni soko. Sokwe aliye hai sasa ana faida kuliko maiti yake: tangu 2017 kibali cha kwenda kumtazama Rwanda humgharimu mgeni dola 1,500, na asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi hurudi kwa vijiji jirani. Mgeni wa leo huondoka na sokwe wa kuchongwa kwa mti. Achague mdogo, maana mashirika mengi ya ndege huruhusu begi la mkononi la kilo 7 hadi 10, na sokwe mnene hawezi kuagizwa ajikunje.

Kikapu, chai na samaki mhamiaji

Anayependa kazi za mikono ana bahati katika njia hii. Nyundo, jirani na Mahoko, kumekuwa na shule ya sanaa tangu miaka ya 1950. Agaseke, kikapu chenye mfuniko uliochongoka, kimo katika nembo ya taifa iliyoanza kutumika mwaka 2001. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, wajane na wanawake ambao waume wao walikuwa gerezani kwa tuhuma za mauaji hayo walikaa pamoja kusuka vikapu hivi, na kufikia 2005 vikapu vyao vilikuwa vikiuzwa katika maduka ya Macy's Marekani. Kwa msafiri, kikapu kina faida nyingine: ni chepesi, na ndani yake unaweza kujaza soksi.

Chai ya Pfunda, ambayo kiwanda chake hapa Rubavu kilianza mwaka 1975, haivunjiki, haimwagiki wala haiozi. Sambaza wa Kivu ni mtihani mwingine. Samaki hawa ni jamaa wa dagaa wa Kigoma, na wenyewe ni wahamiaji: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Beba waliokauka kabisa, uwatie kwenye kopo lenye mfuniko. Abiria wa kiti cha pili hajakukosea lolote.

Chupa na mifuko

Gisenyi imekuwa na kiwanda cha bia cha Bralirwa tangu 1957, lakini chupa ya bia yake ya Primus haipiti ukaguzi ikiwa kwenye begi la mkononi. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walizima njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, na tangu hapo viwanja vingi duniani vikaweka kikomo cha mililita 100. Asali na bia ziende kwenye mzigo wa chini, zikiwa zimeviringishwa nguo. Akabanga, mafuta ya pilipili ya mfanyabiashara Sina Gérard wa Nyirangarama kwenye barabara hii hii, huuzwa katika kichupa cha mililita 20. Kitapita. Matone mawili yanatosha chungu kizima, basi usimpe mama mkwe bila maelezo.

Usifunge chochote kwa mfuko wa plastiki. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, Rwanda ikafuata kwa sheria ya 2008, Kenya 2017 na Tanzania Bara Juni 2019. Mgeni anayeshuka Kanombe na mfuko wa plastiki wa dukani huuacha hapo hapo.

Kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji nani ametengeneza kitu hicho na kwa kutumia nini. Akikunong'oneza habari za jino, ngozi au pembe ya mnyama wa porini, usibishane naye bei. Mkataba wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, unabana biashara ya mali hiyo kuvuka mipaka, na uwanja wa ndege si mahali pa kwenda kujifunzia sheria hiyo. Muage, ukanunue chai.