Mistari 24, herufi 80: Safari ya skrini nyeusi hadi Nkwenda

Kompyuta ya kwanza kufungwa nchini Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, ya kampuni ya Uingereza. Enzi hizo mtu hakuketi mbele ya skrini na kuchapa anachotaka. Kazi ilipelekwa kwenye mtambo kwa kadi zilizotobolewa matundu, na majibu yakatoka yamechapwa kwenye karatasi. Mwaka 1974, baada ya serikali kupata hasara katika jaribio la kuhamishia hesabu zake kwenye mitambo hiyo, uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Aliyeihitaji alilazimika kuomba kibali maalum.

Sina nia ya kuwalaumu wazee waliotoa amri ile. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na mtambo ambao hauleti hesabu sahihi ni mzigo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba miaka ile ambayo mlango wetu ulikuwa umefungwa ndiyo miaka ambayo wenzetu waligundua jambo moja kubwa, nalo likatupita. Waligundua kwamba programu na sura yake ni vitu viwili, na kwamba unaweza kubadilisha sura bila kuigusa kazi ya ndani.

Hebu tulifuatilie kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya sabini vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa na kompyuta moja kubwa iliyotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Kila mmoja aliketi mbele ya kifaa chenye skrini na kibodi, kilichounganishwa kwa waya na ule mtambo mkuu. Kifaa hicho kiliitwa terminali. Iliyopata sifa kuliko zote ni VT100 ya mwaka 1978, yenye skrini ya mistari 24, kila mstari herufi 80. Kwa nini 80? Kwa sababu kadi ya matundu ya IBM ya mwaka 1928 ilikuwa na safu 80, na watu wakaendelea na hesabu waliyoizoea hata kadi zenyewe zilipoanza kutoweka. Naomba uikumbuke namba hiyo, maana tutakutana nayo tena huku Kagera.

Tabu ilikuwa kwamba kila kampuni ilitengeneza terminali yake na lugha yake. Amri ya kupeleka kile kialama kinachopepesa hadi mstari wa tano kwenye terminali moja haikueleweka kwenye nyingine. Pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Bill Joy alikuwa ameandika programu ya kuhariri maandishi inayoitwa vi, na ndani yake akaweka ujuzi wa kuzungumza na terminali za kila aina. Mwenzake, Ken Arnold, akauchukua ujuzi huo, akauweka pembeni katika maktaba. Nasema maktaba kwa maana ya wanakompyuta: vipande vya programu vilivyoandikwa tayari ili mwingine aviazime badala ya kuvitunga upya. Akaiita curses. Jina limetokana na kile kialama cha kwenye skrini, ingawa kwa Kiingereza neno hilo lina maana pia ya laana. Wanakompyuta ni watu wa utani. Kati ya waliowahi kuitumia mapema ni vijana wawili, Michael Toy na Glenn Wichman, walioandika mchezo wa Rogue ambao mtu huzunguka kwenye mashimo akipigana na majitu yaliyochorwa kwa herufi tupu. Naam, teknolojia inayobeba hesabu za watu leo ilipata umaarufu kwa mchezo.

Sasa tazama werevu uliokuwamo. Waya za simu za wakati ule ziliweza kupitisha biti 300 kwa sekunde, yaani kama herufi 30. Skrini nzima ni mistari 24 mara herufi 80, jumla 1,920. Kuijaza skrini hiyo kwa mwendo huo kulichukua zaidi ya dakika nzima. Kwa hiyo maktaba hiyo iliweka kumbukumbu ya picha mbili: skrini ilivyo sasa, na skrini inavyotakiwa kuwa. Programu ikibadilisha kitu, maktaba hulinganisha picha hizo mbili na kupeleka tofauti tu. Kama ni tarakimu moja iliyobadilika, hiyo moja ndiyo inayosafiri.

Matokeo yake ni kwamba mwandishi wa programu hakuhitaji tena kujua mtu wake ameketi mbele ya terminali gani. Sisi watu wa redio tunalielewa jambo hili bila kufundishwa. Ninaposoma taarifa ya habari sijui kama unanisikiliza kwa redio ya betri nne au kwa simu ya mkononi. Mimi nasoma, na chombo chako kinafanya kazi ya kukufikishia.

Mwaka 1984 wataalamu wa chuo cha MIT walianza mfumo wa madirisha walioupa jina la X, na toleo lake la 11 likatoka mwaka 1987. Nako Microsoft na Apple walikuwa wakisukuma madirisha yao. Skrini ikaanza kuwa na picha, rangi na kipanya. Watu wengi wakadhani programu za maandishi zimekufa. Lakini kwa kuwa programu hizo hazikuwa zikizungumza na skrini moja kwa moja bali na maktaba, ilitosha kuandika maktaba nyingine yenye majina yale yale ya amri, ila hii ikachora herufi ndani ya dirisha. Mwaustralia Mark Hessling ndiye aliyeishika kazi hiyo kwa miaka mingi, kupitia PDCurses. Herufi mbili za mwanzo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mali ya umma, na ndivyo ilivyo: yeyote anaweza kuichukua bila kulipa senti. Baadaye William McBrine akaiendeleza na kuongeza namna ya kutumia SDL, ambayo ni maktaba ya kuchora iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta.

Kwa upande wetu, kompyuta zilipoanza kuingia kwa wingi tulizipokea kama mtu anayepokea gari bila kufunguliwa boneti. Ni maoni yangu, lakini naamini ndiyo sababu tumekuwa wepesi wa kutupa. Ikija sura mpya, tunaacha programu ya zamani pamoja na kumbukumbu zilizomo, tunanunua nyingine, na karani anaanza kujifunza upya.

Hata hivyo mkoa wa Kagera una mfano wa kinyume chake, na ni mfano wa kujivunia. Kati ya mwaka 1991 na 1994 ulifanyika hapa uchunguzi wa afya na maendeleo ya kaya, ukihusisha kaya 915, kipindi ambacho ukimwi ulikuwa ukizimaliza nyumba za watu. Maswali yaliandikwa kwenye karatasi, kisha majibu yakaingizwa kwenye kompyuta. Watafiti walirudi kuwatafuta watu wale wale mwaka 2004, na tena mwaka 2010. Safari hiyo ya mwisho hawakubeba makaratasi. Maswali yalikuwa ndani ya kompyuta ndogo za kushika mkononi. Lakini maswali ya msingi ilibidi yabaki vile vile, kwa kuwa jibu la mwaka 2010 halina maana kama huwezi kuliweka kando ya jibu la mwaka 1991. Kilichobadilika ni sura.

Na sasa tufike Nkwenda, kituo cha biashara kilichokuwa wilaya ya Karagwe hadi mwaka 2012 ilipozaliwa wilaya ya Kyerwa. Asiyepafahamu ajue kwamba ni nchi ya migomba, maharage na kahawa. Na penye kahawa pana suala la kilo. Mkulima wa huku amewahi kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa mtindo wa butura, akachukua fedha kidogo mwezi wa njaa na kukabidhi magunia wakati wa mavuno. Amewahi pia kubishana na mizani. Kwa hiyo anapoleta kahawa yake ya maganda, anataka kuona kilo zake zinaandikwa wapi na nani.

Nilikuta huko kikundi cha wakulima chenye programu ya kutunza mizani: jina la mkulima, namba yake, tarehe, magunia na kilo. Iliandikwa miaka ya nyuma kwa lugha ya C ikitumia maktaba ya curses, kwenye kompyuta kuukuu ya Linux. Kompyuta hiyo ilipochoka, ikapatikana nyingine inayotumia Windows, ambayo haina curses yake yenyewe. Ushauri wa kwanza waliopewa ulikuwa ule niliousema hapo juu: tupeni, nunueni mpya. Kijana anayewahudumia, mwenye banda la steshenari hapo sokoni, akakataa. Akasema orodha ya wanachama imo humo, na karani anaijua programu hiyo hata akifumba macho.

Alichofanya hakikuwa kuandika programu nyingine. Alichukua PDCurses, akachagua ile sura ya SDL, akaijenga maktaba hiyo pamoja na uwezo wa kutumia fonti za kawaida, kisha akaijenga programu ya kikundi juu yake. Mstari wa juu unaoitaja maktaba ukabadilika jina. Mlango mkuu wa programu ukaandikwa kwa namna SDL inavyoutaka. Ile sehemu ya kuhesabu kilo na malipo hakuigusa. Baada ya hapo vilibaki vipimo ambavyo huandikwa nje ya programu, kimoja kwa idadi ya mistari, kingine kwa idadi ya herufi katika mstari, kingine kwa faili la fonti na kingine kwa ukubwa wake. Programu ikafunguka katika dirisha lake lenye jina juu, na karani akakuta vitufe vyake vyote viko palepale. Kiswahili na Kinyambo huandikwa kwa herufi za kawaida zisizo na alama juu, kwa hiyo hapakuwa na tabu ya herufi kugeuka visanduku.

Kwa nini dirisha, na si ile skrini nyeusi ya maandishi ambayo Windows nayo inayo? Kwa sababu ya fonti. Wakulima walitaka kuona kilo zao wakiwa upande wa pili wa meza, na humo dirishani kijana aliweza kuweka herufi kubwa anavyotaka.

Hapo ndipo namba 80 ilipotukuta. Herufi zikiwa kubwa kiasi hicho, mstari haukuweza tena kubeba 80, akapunguza hadi 60. Lakini aliyeandika programu zamani hakuuliza maktaba mstari una herufi ngapi. Alichukulia ni 80 kila mahali, kama ilivyokuwa tangu enzi za kadi za matundu, na safu ya kilo akaiweka mwisho kabisa upande wa kulia. Siku ya kwanza ya kupokea kahawa jina likaonekana, tarehe ikaonekana, magunia yakaonekana. Kilo hazikuwepo.

"Mwanangu," mzee mmoja akamwambia, "kilo zangu ziko wapi?"

"Zimo ndani, mzee. Hazionekani tu."

"Zikiwa ndani zinanisaidia nini?"

Kijana akafunga kazi hadi kesho yake, watu wakaendelea kuandikwa kwenye daftari. Sioni kama alikuwa na njia nyingine.

Kasoro ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Programu ya skrini nyeusi ilikuwa na mlango mmoja wa kutokea, nao ulikuwa kwenye orodha ya kazi, ambako ilihifadhi kwanza kisha ikajifunga. Dirisha lina alama ya kufungia kwenye kona. Katika ile sura ya SDL aliyoitumia, kuibonyeza alama hiyo kunaizima programu papo hapo bila kuiuliza kama imemaliza. Msaidizi mmoja aliibonyeza akidhani anafanya usafi, na mizani ya wakulima watatu ikapotea. Daftari ndilo lililowaokoa. Tangu siku hiyo programu inahifadhi kila mkulima mara tu kilo zake zinapoandikwa.

Safu ya kilo ilihamishiwa karibu na jina, kwa herufi nene. Lakini nafasi ya jina ikabaki herufi 14, na majina ya huku ni marefu. Yanayoanza kwa Rwa peke yake yanaweza kujaza ukurasa, na mengine hayatofautiani mpaka ufike mwisho, yaani pale palipokatwa. Namba ya mwanachama ilitosha kwa kompyuta. Haikumtosha mama mmoja aliyesimama mbele ya meza na kusema kahawa si ya namba, ni yake, na jina lake liandikwe lote. Nyuma yake foleni ikamuunga mkono.

Kijana akampa kila mkulima mistari miwili: wa juu jina zima, wa chini tarehe, magunia na kilo. Sasa ukurasa unachukua wakulima 11 badala ya 22, na karani analalamika kwamba anabonyeza kitufe cha kugeuza ukurasa mara mbili zaidi ya zamani.